Nakupa Mji wa Sabuni

Kitendawili! Sijasikia. Kitendawili! Ehe, hapo sawa.

Nina mbwa wangu kafungwa ndani ya ua wa mawe meupe. Yeye mwenyewe hana jino hata moja, lakini akibweka huuma mpaka aliye ng'ambo ya mto.

Unalo jibu? Usiliteme. Liweke shavuni kama pipi, utalihitaji baadaye. Na kama huna, usione haya. Yuko msichana mmoja aliyelijua jibu hilo tangu hajaota magego, na siku moja akajifanya halijui. Sasa sikiliza kwa nini.

Bibi yake alimwita Kasuku, kwa kuwa alisema kabla ya kutembea. Bibi mwenyewe alikuwa mpiga pasi. Alikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na pasi ya mkaa nzito kama dhambi, na nguo za nusu ya mtaa zilipita chini ya mkono wake. Wazazi wa Kasuku walishatangulia mbele ya haki, basi nyumbani walibaki watatu: Bibi, Kasuku, na mdogo wake Kasuku aliyeitwa Kifungo, maana alikuwa mdogo na wa mviringo, na akitafutwa hupatikana chini ya kitanda.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja. Hakuna aliyepata kitu bila kutegewa. Unataka chumvi? Kitendawili. Unaaga kwenda shule? Kitendawili. Na ukishindwa, unatoa mji. Unasema, "Nakupa mji fulani," naye Bibi anaupokea au anaukataa. "Mji huo una vumbi, siutaki. Nipe mwingine." Akiukubali, anajifanya kasafiri, kapokelewa, kala, kashiba, ndipo anarudi na jibu. Kifungo alishatoa miji mingi hata ikaisha, akawa anatoa ya kubuni: mji wa paka, mji wa wasiooga. Bibi aliipokea yote. "Mimi," alikuwa akisema, "ni malkia wa miji isiyo na barabara."

Kasuku alipokua, sauti yake ikawa ndiyo mali yake. Siku moja akapigiwa simu na mtu asiyemjua, mwenye maneno laini kama mafuta ya nazi. Kuna kazi ya kuongea na wateja, malazi yapo, chakula kipo. "Dada yangu, sauti kama hiyo unafukuzia kuku? Hiyo ni sauti ya redioni." Kasuku akaaga. Bibi hakupenda, lakini nani amfunge kasuku asiruke? Gari dogo lililokuja kumchukua lilikuwa na mapazia, na waliomo waliambiwa wasiyafungue kwa sababu ya jua. Walipofika, simu zao zilikusanywa kwenye ndoo "kwa usalama wenu." Ndoo ile hakuiona tena.

Sasa iangalie nyumba aliyoingia. Geti la kijani, refu kuliko mtu, kufuli lake kwa nje. Chumba cha mbele kilikuwa na meza zilizotengwa kwa mbao, kila meza na simu yake, na kuta zote zilibandikwa trei za mayai ili sauti zisitoke. Madirisha yalipakwa rangi nyeupe. Chumba cha nyuma kilikuwa cha kulala, magodoro chini, na huko hakukuwa na trei za mayai, maana huko hakuna aliyetarajiwa kusema. Palikuwa na tundu moja tu la hewa, bafuni humo humo. Ukipanda juu ya ndoo uliona bomba la kiwanda lenye mistari myekundu likitoa moshi, na harufu ya sabuni ikakupiga puani. Na mahali fulani nyuma yake, shule mbili zilipiga kengele, moja ikianza, nyingine ikiitikia.

Aliyewafundisha kazi walimwita Mwalimu Asali. Hakumpigia mtu kelele hata siku moja, na hilo ndilo lililomtisha Kasuku kuliko yote. Alivaa viatu vinavyong'aa na alisimama mbele ya ubao akiandika maneno ya Kiingereza.

"Waingereza," alisema, "wana maneno mengi ya kazi yetu kuliko fundi alivyo na bisibisi. Angalieni. Hili, *coax*: kumbembeleza mtu, kumvuta polepole kama uzi kwenye tundu la sindano. Ukivuta kwa pupa unakatika. Hili, *flatter*: kumvika mtu kilemba cha ukoka. Kila mzee ana kichwa, na kila kichwa kinapenda kilemba. Hili, *cajole*: hapo unachanganya, sifa kidogo, ahadi kidogo, kicheko kidogo, mpaka anakubali huku akidhani ni wazo lake."

Pembeni aliandika neno la nne, akalifuta papo hapo.

"Na lile, mwalimu?" aliuliza msichana mmoja waliyemwita Mrefu.

"Lile ni *hoodwink*. Kumfunika mtu macho." Mwalimu Asali akatabasamu. "Hilo sisi hatulitumii."

Akacheka, nao wakacheka, kwa sababu asiyecheka alionekana.

Na sheria yake kubwa aliirudia kila asubuhi: "Mteja akilia, lia naye. Akicheka, cheka. Akicheza, cheza. Usimkatize mtu katika raha yake. Anayecheza hafungi mlango."

Kazi yenyewe? Kuwapigia watu wenye vijana nyumbani. Kuwaambia kuna nafasi nzuri, mahali pazuri, mpeni mtoto nauli ya kufika kituoni tu, mengine tutashughulikia sisi. Vijana walikuja, wakalala chumba cha nyuma usiku mmoja au miwili, kisha gari lenye mapazia likawachukua. Waliambiwa wanapelekwa hotelini ng'ambo. Hakuna aliyewahi kupiga simu kusema amefika. Msichana mmoja aliyelala godoro la pili kutoka la Kasuku alichukuliwa alfajiri, na Kasuku alipofagia alikuta kiatu chake kimoja. Alikishika muda mrefu. Mtu anayekwenda kwenye neema yake hasahau kiatu.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia tumboni mwake, ikala naye, ikaamka naye. Lakini kubwa lilikuwa bado. Siku za mwanzo, wakati bado anaamini, Mwalimu Asali alimwitia chai akamuuliza ya nyumbani. Na Kasuku, kwa kuwa aliulizwa vizuri, alimwaga yote kama gunia lililotoboka: Bibi na pasi yake, vitendawili, na Kifungo anayeimba mpaka majirani wanazima redio.

Asubuhi moja Mwalimu Asali akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Leo ni zamu ya nyumbani, Kasuku wetu. Utampigia Bibi. Utamwambia umempatia mdogo wako nafasi. Jumamosi gari litampitia pale kituo cha mafuta."

Kasuku aliona meza inaenda mbali. "Mwalimu, yule bado mdogo. Hajamaliza hata shule."

"Si ulisema anaimba?"

"Nilisema, lakini—"

"Unataka Bibi afe na pasi mkononi? Na magoti yale?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Hata hivyo, usipotaka, sauti yako tunayo humu." Akagusa kompyuta kwa kidole. "Tutaikata, tutaiunga, itasema tunachotaka. Ila mimi napenda useme mwenyewe. Asali ya nyumbani haina shaka."

Akavaa visikilizio vya pili. Kidole kimoja kikakaa juu ya kitufe cha kukata. Mkono wa pili ukashika kalamu, ukaanza kuigongagonga mezani, tak, tak, tak.

Simu ikaita. Kasuku aliomba isipokelewe. Ikapokelewa.

"Nani?"

"Mimi, Bibi. Kasuku."

"Ewe! Kasuku wangu! Ulimezwa na nini, mwanangu? Nimekaa hapa masikio yamekuwa kama ya sungura. Umekula? Umekonda? Haya, yote baadaye. Kitendawili!"

Kalamu ikasimama. Kasuku akamtazama Mwalimu. Mwalimu akazungusha mkono hewani: cheza naye, cheza.

"Tega, Bibi."

"Nina mbwa wangu kafungwa ndani ya ua wa mawe meupe. Hana jino hata moja, lakini akibweka huuma mpaka aliye ng'ambo ya mto."

Jibu lilimfika Kasuku mdomoni peke yake. Lingekosaje? Bibi alimtegea hicho kila aliposema la kusema na la kutosema. Alikijua kama anavyojua njia ya kwenda chooni gizani. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Nimeshindwa, Bibi."

Upande wa pili pasi iliwekwa juu ya kigae. Aliisikia: ting.

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Hicho?"

"Hicho hicho, Bibi."

Mapigo ya moyo yalimjaa Kasuku masikioni, akahofu Mwalimu anayasikia kwenye visikilizio.

"Basi," alisema Bibi polepole, "nipe mji."

"Nakupa... nakupa mji wa maghorofa."

"Siutaki. Ngazi zote zile, na magoti haya? Unaniua. Nipe mwingine."

Mwalimu Asali alicheka bila sauti, akitikisa mabega. Kasuku akameza mate.

"Nakupa mji wa sabuni."

"Wa nini?"

"Wa sabuni, Bibi. Watu wake wananukia hata kabla ya kuoga."

"Mh! Mji msafi huo. Lakini nitateleza. Una nini kingine?"

"Una mzee mrefu amevaa mistari myekundu. Anavuta sigara mchana kutwa, haiishi."

Kalamu ilikuwa haigongi tena. Mwalimu Asali alifunika kinasa sauti kwa kiganja. "Mnasemaje?"

"Ni mchezo, mwalimu," alinong'ona Kasuku, akajilazimisha kucheka, na kicheko kikatoka kama kikohozi. "Ndivyo alivyo. Ukimkatiza atanuna, hatakubali kitu."

Mwalimu alimtazama machoni, kitambo. Kisha akaondoa kiganja. Sheria yake mwenyewe ilikuwa imemshika shati.

"Endelea, mwanangu," Bibi alikuwa akisema. "Mzee wa sigara nimemwona. Wanaamkaje huko, kuna jogoo?"

"Hakuna jogoo. Kuna kengele mbili. Moja ikikohoa, nyingine inasema pole."

"Na lango lake? Mimi siingii mji bila kujua lango."

"La kijani, Bibi. Wenyeji wake hawana ufunguo."

Tak! Kalamu ilipiga meza mara moja, kwa nguvu. Kidole cha Mwalimu kiligusa kitufe. Midomo yake ikasema bila sauti: mdogo wako. Sasa.

Na Kasuku akasema. Alisema yote aliyofundishwa, kazi nzuri, nafasi ya Kifungo, Jumamosi, kituo cha mafuta, na kila neno lilimwacha mdomo mkavu zaidi. Alitumaini Bibi angekataa. Bibi mkaidi, Bibi asiyempa mtu sindano bila kumtegea kwanza.

"Kifungo?" Bibi akasema. "Mbona heri hiyo! Atakuja. Nitamsuka, nitampigia pasi gauni lake la maua. Jumamosi, sivyo? Waambie wasichelewe."

Damu ilimtoka Kasuku usoni. "Bibi, lakini—"

"Na mji nimeupokea," Bibi aliendelea, kwa sauti ile ile ya mtu mwenye furaha. "Nitakwenda, nitarudi. Jibu lako—"

Simu ikakatwa. Mwalimu Asali alivua visikilizio, akampigapiga Kasuku begani.

"Umeona? Umemchezea mpaka kalainika mwenyewe. *Cajole*, ile ndiyo yenyewe!" Akamletea soda. Kasuku aliishika mpaka ikapoteza ubaridi.

Unajua mtu anavyoweza kujitesa kwa swali moja? Bibi alielewa au alicheza tu? Siku zile mpaka Jumamosi Kasuku alilizungusha swali hilo kama ulimi unavyozunguka jino linalouma. Bibi aliiweka pasi kigaeni, maana yake alishtuka. Lakini huenda ilikuwa imepoa. Aliuliza lango. Lakini Kifungo alipotoa mji wa paka, si Bibi aliuliza pia lango lake liko wapi, akaambiwa ni tundu la panya, akacheka mpaka akakaa chini? Bibi alishapokea miji mingi isiyokuwapo. Kwa nini huu adhani upo?

Jumamosi gari lenye mapazia lilitoka mapema. Kasuku alipanda juu ya ndoo bafuni, akavuta harufu ya sabuni mpaka kichwa kikamuuma. Akilini alimwona Kifungo amesukwa, gauni la maua, anaimba kando ya barabara. Akashuka, akatapika.

Gari likarudi. Geti likalia. Kasuku alisimama nyuma ya mlango wa chumba cha mbele, akingoja kusikia sauti ya mdogo wake. Akasikia ya dereva.

"Hakuna mtu kituoni, bosi. Nimezunguka mpaka mafuta yamekuwa ya kunusa."

Kabla Mwalimu Asali hajajibu, geti likagongwa. Si kwa kiganja, kwa rungu.

Mambo yakaenda mbio. Mama Mlezi, mwanamke mnene aliyewagawia sabuni na chakula, aliwaswaga wasichana wote mpaka chumba cha nyuma kama vifaranga, akafunga mlango, akaegemea kitasa. Hata yeye hakupiga kelele. Alinong'ona.

"Wanangu, nawapenda, ndiyo maana nawaambia. Hao ni polisi. Sasa fikirini wenyewe. Nani alikuwa anapiga simu? Mimi? Mwalimu? Sauti zote zilizomo kwenye mitambo ni zenu. Mama za watu waliolia, wanazijua sauti zenu. Polisi wakiwapata humu, watakaooza jela ni ninyi, si sisi. Nyamazeni tu. Wakiondoka, nitawafungulia mimi mwenyewe mwende kwenu."

Kasuku aliyajua maneno yale moja baada ya moja, hata kwa majina yake ya ubaoni. Hiki kilemba, hiki uzi wa sindano, hiki kifuniko cha macho. Na bado yalimwingia. Kumjua nyoka kwa jina hakuondoi sumu yake. Kweli, sauti ilikuwa yake. Kweli, yeye ndiye aliyemwita Kifungo. Akakaa kwenye godoro, mikono chini ya mapaja, kimya kama wengine. Mrefu alikuwa akilia kwa kuuma kanga yake.

Kupitia tundu la bafuni, maneno ya uani yaliwafikia.

"Karibuni, wakubwa wangu," Mwalimu Asali alikuwa akisema. "Jua lote hili, na kazi zenu hizi ngumu! Hapa ni chuo cha lugha. Leo Jumamosi, wanafunzi wako makwao. Nipateje heshima ya kuwapatia hata maji baridi?"

"Tumeletwa na huyu mama," alisema mwanamume mmoja, na sauti yake ilikuwa tayari imepoa kidogo. "Anasema mjukuu wake yumo."

"Maskini! Nami nina mama wa umri huo. Wazee wakibaki peke yao huona mengi."

"Nimeona geti la kijani," ikasema sauti nyingine. "Nimeona bomba la mistari. Nimenusa sabuni."

Kasuku alisimama bila kujua amesimama.

"Mama," alisema yule polisi, "sabuni si kosa."

"Ingekuwa kosa ungekuwa salama kabisa, mwanangu, maana wewe hujaigusa leo."

Mtu mmoja alicheka huko nje. Lakini Mwalimu Asali naye alicheka, kicheko kizuri, cha mwana mwema, akaendelea kusema, na maneno yake yakawa yanateleza, yanateleza, mpaka Kasuku akasikia viatu vinageuka juu ya kokoto.

"Haya mama, twende. Umeona mwenyewe kuko kimya."

"Ngoja kidogo. Mguu wangu unauma." Kisha Bibi akapaza sauti, ile ya kuwaita watoto kutoka mtaa wa tatu. "Kifungo yuko kwa jirani, anakula, kashiba! Mji nilipewa, nimeupokea, nimefika! Kitendawili!"

Ndani, Mama Mlezi aliacha kitasa, akaja, akaweka mkono wake laini juu ya bega la Kasuku. "Binti yangu," alinong'ona, "jela."

"Jamani mama," polisi akasema.

"Kitendawili!" Sauti ya Bibi ilipasuka katikati. "Nina mbwa wangu kafungwa ndani ya ua wa mawe meupe! Hana jino hata moja! Jibu lake sikulitoa, simu ilikatika! Nimekuja kulichukua mwenyewe!"

Mdomo wa Kasuku ulikuwa mkavu kama blanketi la kupigia pasi. Mkono begani ukakaza. Mrefu, macho mekundu, alikuwa akimtazama.

Akavuta pumzi ile aliyofundishwa utotoni, ya kupuliza mkaa ndani ya pasi mpaka uwake, pumzi inayoanzia tumboni. Akaitoa yote, kuelekea kwenye tundu la hewa, katika chumba kile kisichokuwa na trei za mayai.

"Ulimi!" alipiga kelele. "Bibi, ni ulimi!"